Gari linatetemeka ukishika mwendo: maswali tunayoulizwa kila siku kuhusu balansi ya magurudumu

Watu wengi wanaoniletea gari linalotetemeka wanakuja wakiwa wameshatumia pesa. Mmoja alikuja na Toyota Ist iliyobadilishwa shokapu za mbele na boljointi, halafu kwenye lami usukani ukabaki unacheza vilevile. Tulipovua gurudumu la kushoto tukakuta bonge la tope lililokauka limeng'ang'ania ndani ya rimu, zawadi ya safari ya kijijini wakati wa masika. Tulilibandua kwa bisibisi, tukaosha, gari likatulia. Nilimwonea huruma sana yule dada, na ndiyo maana nimekusanya hapa majibu ninayoyarudia kila siku, ili mwenye gari awe na jambo la kumwambia fundi kabla fundi hajaanza kufungua vitu.

Kabla ya kulipia chochote, jijibu mambo matatu: mtetemo unausikia wapi (usukani, kiti, sakafu au breki), unaanza kwa kasi gani, na unakuja ukifanya nini (ukikanyaga mafuta, ukiachia, ukikanyaga breki, au muda wote).

Nitajuaje kama ni balansi na si kitu kingine?

Mtetemo wa balansi, yaani wa uzito usiolingana kuzunguka gurudumu, unafuata kasi ya gari. Mara nyingi unaanza kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, kwenye lami laini, na unaendelea hata ukiachia mafuta. Ukipunguza mwendo unaondoka wenyewe, ukirudi kwenye kasi ileile unarudi.

Jaribio lake ni rahisi. Tafuta kipande kirefu cha lami tulivu, panda taratibu mpaka kasi inayosumbua, halafu achia mafuta kabisa gari liserereke. Mtetemo ukiendelea mpaka kasi ishuke, shuku magurudumu. Ukikatika palepale unapoachia mafuta, shuku shafti za magurudumu, sivi jointi (viungo vya shafti hizo) au propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma). Ukija unapokanyaga breki tu, nenda moja kwa moja kwenye swali la breki huko chini.

Mbona kwenye 60 gari limetulia, kwenye 90 linatetemeka, na kwenye 120 kama linatulia tena?

Hili swali nalipenda, maana jibu lake linamsaidia mtu kuelewa mengine yote.

Chukua tairi la 195/65 R15. Mzunguko wake mmoja ni kama mita 2. Kwenye kasi ya kilomita 100 kwa saa, gurudumu hilo linazunguka karibu mara 14 kwa kila sekunde. Sasa chukulia upande mmoja wa ukingo wa rimu umezidi mwingine kwa gramu 30 tu, uzito wa vijiko vichache vya sukari. Kwenye kasi hiyo, zile gramu 30 zinavuta gurudumu kwa nguvu sawa na mzigo wa kilo 4 na nusu hivi, juu, mbele, chini, nyuma, mara 14 kwa sekunde. Ukishuka mpaka 50 nguvu hiyo haibaki nusu, inabaki robo: kilo 1 na kidogo. Ukipanda mpaka 120 inapita kilo 6. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Kwa hiyo mjini kwenye foleni husikii kitu, na siku unapotoka kwenda Morogoro ndipo gari linapokuumbua.

Kuhusu kutulia kwenye 120: gurudumu limening'inizwa kwenye springi na bushi, na kila kitu kilichoning'inizwa kina mdundo wake. Umewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea? Ukisukuma kwa wakati wake anapaa, ukisukuma ovyo bembea inagoma. Mdundo wa kurukaruka wa gurudumu la gari dogo uko kwenye mara 10 mpaka 15 hivi kwa sekunde, na mzunguko wa tairi unaufikia kwenye hizo kasi za 80 mpaka 110. Ukishapita hapo mwili wa gari hauusikii sana, lakini ile nguvu bado ipo na inazidi, inakula beringi na tairi. Kwa hiyo usifanye kama anavyofanya mteja wangu mmoja, kukimbiza gari ili mtetemo upotee.

Usukani ukitetemeka na kiti kikitetemeka, kuna tofauti?

Ipo. Usukani unakuletea habari za magurudumu ya mbele, kiti na sakafu vinakuletea za nyuma. Si sheria ya kuapia, lakini ni mahali pazuri pa kuanzia. Njia ya kuthibitisha haina gharama: hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kisha endesha barabara ileile kwa kasi ileile. Kama mtetemo ulikuwa kwenye usukani na sasa umehamia kwenye kiti, tatizo liko kwenye gurudumu lenyewe. Kama umebaki kwenye usukani, angalia habu (kitovu cha gari ambako gurudumu linafungwa), breki na viungo vya mbele.

Nifanye nini mwenyewe kabla ya kwenda gereji?

Osha rimu kwa ndani. Nasema kwa ndani, upande usioonekana, ndiko tope linakojificha. Wenzetu wanaotoka barabara za vumbi na mashamba wangeokoa pesa nyingi kwa hili pekee.

Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa hazijatembea. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba ya upepo iliyoko ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, usiijaze hiyo.

Kagua nati. Gari likitetemeka mara tu baada ya kuvuliwa gurudumu, nati ndizo za kwanza kushukiwa, na hapa sizungumzii usumbufu tena, nazungumzia gurudumu kuchomoka. Kaza kwa mtindo wa nyota, yaani nati moja kisha ile inayoielekea, usifuate mduara. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nguvu ya niutoni-mita 103.

Halafu pitisha kiganja kwenye uso wa tairi, polepole, kuzunguka lote, na kwenye mbavu zake zote mbili. Unatafuta nundu, uvimbe, au sehemu iliyolika kama ngazi. Tairi lenye uvimbe nyuzi zake za ndani zimekatika au zimeachana. Hilo halibalansiwi. Linatolewa leo.

Mwisho tafuta alama za vyuma vya balansi vilivyobanduka. Kwenye rimu utaona kipande kisafi cha mstatili au mabaki ya gundi.

Fundi, balansi na alaimenti si kitu kimoja?

Hapana. Alaimenti ni pembe za magurudumu: ikiharibika gari linavuta upande, usukani unakaa kombo ukienda moja kwa moja, tairi linalika upande mmoja. Balansi ni uzito kuzunguka gurudumu. Alaimenti haiondoi mtetemo wa kasi, na nimeona watu wakilipia alaimenti mara mbili wakitegemea iondoe.

Ile mashine inafanya nini hasa?

Gurudumu linafungwa kwenye shafti ya mashine kwa koni. Fundi anaiambia mashine mambo matatu: umbali kutoka mashine mpaka ukingo wa rimu, upana wa rimu, na kipenyo chake. Mashine inazungusha, inapima gurudumu linavyoisukuma shafti, kisha inaonyesha gramu za kuweka upande wa ndani na upande wa nje, na mahali pa kuziweka.

Pande mbili, kwa sababu gurudumu lina kasoro za aina mbili. Ya kwanza ni sehemu moja kuwa nzito tu, gurudumu linarukaruka juu na chini. Ya pili ni uzito kukaa kinyume, hapa ndani na pale nje, gurudumu linayumba kushoto na kulia, na hiyo ndiyo inayochezesha usukani. Fundi anayekwambia kuweka chuma upande mmoja kunatosha amerekebisha nusu ya kazi.

Vyuma vyenyewe viko vya kugongea kwenye ukingo, kwa rimu za chuma, na vya kubandika, kwa rimu za spoti. Zamani vilikuwa vya risasi. Umoja wa Ulaya ulizuia risasi hiyo kwenye magari mapya kuanzia 2005 kwa sababu ya sumu yake, na sasa utakutana na vingi vya chuma na vya zinki. Cha kubandika kinataka mahali pakavu pasipo grisi. Kikibandikwa juu ya vumbi, kinadondoka kwenye tuta la tatu.

Nitajuaje kama fundi amebalansi vizuri?

Simama uangalie. Una haki, ni gari lako.

Kwanza, aondoe vyuma vyote vya zamani. Kuongeza kipya juu ya vya zamani ni kujaza makosa. Pili, asafishe rimu na uso unaokaa kwenye mashine. Tatu, koni iingie sawasawa kwenye tundu la katikati. Nne, baada ya kuweka vyuma azungushe tena mpaka isome sifuri pande zote mbili.

Kisha mwombe kitu kimoja ambacho wengi hawakifanyi: alegeze gurudumu, aligeuze nusu mzunguko kwenye shafti, alifunge tena na kulizungusha bila kuongeza kitu. Lilifungwa katikati sawasawa? Itasoma sifuri au gramu 5 hivi. Ikisoma 20 au 30, gurudumu halikuwa katikati au koni na shafti zimechakaa, na ile sifuri ya mwanzo haikuwa na maana. Jaribio hili halichukui dakika mbili. Fundi anayejiamini hatakasirika.

Angalia pia wingi wa vyuma. Gurudumu la gari dogo likidai gramu 60 au zaidi upande mmoja, mimi sibandiki. Natoa upepo, nalizungusha tairi nusu mzunguko juu ya rimu, nalijaza tena na kupima upya. Mara nyingi uzito unapungua sana, maana sehemu nzito ya tairi na sehemu nzito ya rimu zilikuwa zimekutana. Kwa tairi jipya kuna msaada: nukta ya njano kwa kawaida huonyesha sehemu nyepesi, na inawekwa palepale penye valvu.

Nimebalansi mara tatu, mashine inasoma sifuri, na gari bado linatetemeka. Kwa nini?

Mashine ya kawaida inapima uzito, haipimi umbo. Hata yai ungeweza kulibalansi likasoma sifuri, na bado lisingezunguka vizuri barabarani. Kwa hiyo baada ya sifuri, swali ni kama gurudumu ni la duara kweli.

Inua gari kwa jeki, liweke kwenye stendi imara, zungusha gurudumu kwa mkono huku umeshika penseli au bisibisi imetulia karibu na uso wa tairi. Angalia nafasi kati yao. Ikipanuka na kusinyaa waziwazi, kuna kitu hakiko duara. Rudia kwenye ukingo wa rimu: rimu ikiyumba, imepinda, kawaida kwa shimo. Rimu ikiwa imetulia na tairi linayumba, tatizo ni tairi.

Hapa lazima niseme kuhusu tairi za mtumba. Sizikatai zote, najua hali ya mifuko yetu. Lakini tairi lililokaa miaka likiwa limebeba gari lililosimama, au limelaliwa na mengine kwenye rundo, linaweza kupata ubapa usiorudi. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata kama kashata zake (meno ya tairi) bado ni ndefu. Na kabla hujalipa, muombe muuzaji alifunge na kulizungusha kwenye mashine. Akikataa, nenda kwa mwingine.

Sababu nyingine inayosahaulika ni habu. Kutu ikijikusanya kwenye uso wa habu, gurudumu linakaa upande kidogo sana, usichoweza kukiona kwa macho, na mashine haijui lolote kuhusu hilo kwa sababu kutu imebaki kwenye gari. Brashi ya waya inatosha.

Mtetemo ulianza nilipoweka rimu za spoti. Rimu ni mbovu?

Huenda ni nzima, ila tundu lake la katikati ni kubwa kuliko habu yako. Watengenezaji wa rimu za kuuzwa pembeni huacha tundu kubwa ili rimu moja iingie magari mengi. Habu ya Vitz au Ist ni milimita 54.1, ya Subaru nyingi 56.1, ya Noah 60.1, ya Honda nyingi 64.1. Rimu yenye tundu la 73.1 ikifungwa kwenye Vitz inaelea juu ya nati tu. Dawa yake ni pete za habu, za plastiki ngumu au alumini, zinazojaza hiyo nafasi. Ni kitu kidogo, na nimeona kikimaliza mtetemo wa miezi.

Nati nazo: rimu nyingi za spoti zinataka nati ya kichwa cha koni, na baadhi ya rimu halisi za Toyota zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Ukichanganya, gurudumu halikai katikati, na nati zinaweza kulegea zenyewe.

Linatetemeka nikikanyaga breki tu.

Hapo usilipie balansi. Diski ya breki imepoteza unene sawa kuzunguka, na kila pedi inapopita sehemu nene usukani unapigwa. Mara nyingi chanzo chake ni nati zilizokazwa bila mpangilio kwa mashine ya upepo, au diski ya moto iliyomwagiwa maji. Anayeshuka mteremko wa Kitonga huku amekanyaga breki muda wote badala ya kutumia gia anaifahamu hiyo hali. Diski inaweza kuchongwa, lakini unene wa chini kabisa unaoruhusiwa huwa umeandikwa juu yake. Ikishuka chini ya hapo, nunua mpya, kushoto na kulia kwa pamoja.

Na nikikanyaga mafuta tu?

Kwa gari linalovuta kwa mbele, angalia sivi jointi ya ndani. Kwa linalosukuma kwa nyuma, kama Hilux, shika propela na uitikise, sikiliza krosi zake, yaani viungo vyake.

Linatetemeka likiwa limesimama na injini inawaka.

Magurudumu hayazunguki, kwa hiyo hayahusiki. Ni mauntingi ya injini (raba zinazoishikilia) au injini yenyewe kukosa moto kwenye silinda moja.

Land Cruiser yangu "mkonga" ikipiga shimo kwenye 70, usukani unapiga kushoto na kulia kwa nguvu mpaka nisimame. Ni balansi?

Balansi inachangia, lakini usiishie hapo. Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Suzuki Jimny zina ekseli ngumu ya mbele, chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kwenye mpangilio huo, mtikisiko wa gurudumu moja unahamia la pili, nalo linaurudisha kwa la kwanza, na unajilisha wenyewe. Shimo linauanzisha tu.

Mpangilio wangu wa kukagua ni huu: balansi na hali ya tairi, kisha beringi za kingipini (pini ambazo gurudumu linageukia linapokata kona), kisha tairodi zote (fimbo za usukani), kisha bushi za ekseli, na mwisho ile shokapu ya usukani. Wengi wanaanza na shokapu ya usukani kwa sababu ni rahisi kuibadilisha. Mpya inanyamazisha dalili kwa muda huku beringi za kingipini zikiendelea kulegea, na siku dalili inaporudi inakuja na nguvu zaidi. Kama wewe unabeba watoto wa shule au wagonjwa kwa gari la namna hii, nakuomba usikubali kurekebishiwa shokapu peke yake.

Likikutokea barabarani, shika usukani imara bila kupigana nao, achia mafuta, punguza mwendo taratibu. Usikanyage breki kwa kushtuka.

Nikiziba pancha, nibalansi upya?

Ikizibwa kwa utambi bila kuvua tairi, mara nyingi hakuna haja. Tairi likivuliwa kwenye rimu na kubandikwa kiraka, ndiyo. Kama uko njiani na mashine hakuna, piga chaki kwenye tairi mkabala na valvu kabla fundi hajalivua, mwambie alirudishe palepale. Ile dawa ya maji inayomiminwa ndani ya tairi kuzuia pancha inajikusanya chini gari likisimama, na kilomita za kwanza utasikia gari zima linaruka. Maji kutoka kwenye pampu ya upepo isiyotolewa maji yanafanya vivyo hivyo.

Nibalansi kila baada ya muda gani?

Mimi nashauri uifanye unapozungusha tairi mbele na nyuma, kila kilomita 8,000 mpaka 10,000. Na kila unaponunua tairi, kila unapopiga shimo ukasikia chuma.

Naweza kuendelea na safari gari likitetemeka?

Mtetemo uleule uliouzoea, wa kasi ileile, punguza mwendo chini ya kasi inayouanzisha na ufike. Lakini mtetemo mpya unaoongezeka kila kilomita, au unaosikika hata kwenye 30 na 40, simama mahali salama sasa hivi. Washa taa za tahadhari, weka pembetatu, gusa nati zote kwa spana na pitisha mkono kwenye kila tairi ukitafuta uvimbe. Rimu ikiwa ya moto kuliko nyingine, beringi au breki imekwama. Tairi likiwa limevimba, funga spea hapohapo, hata kama umebakiza kilomita 5 kufika nyumbani.